Kipimo cha DNA hakikunipa jina la baba. Je, kimeshindwa?

«Daktari, natumai u mzima. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, mzaliwa wa Nanyuki. Nilizaliwa tarehe 14 Agosti 1998. Mama aliniambia kwamba baba yangu alikuwa mwanajeshi wa Uingereza aliyekuja kwa mazoezi, akijulikana kama Steve, na kwamba aliondoka kabla mama hajatambua kuwa ana mimba. Mama alifariki mwaka wa 2019. Nimebaki na picha moja, na cheti cha kuzaliwa ambacho mahali pa jina la baba pamepigwa mstari. Mwaka jana rafiki aliye Ujerumani alinitumia kifaa cha kupima DNA kwa mate. Majibu yanasema nina asilimia 49 ya Uingereza na Ayalandi, kisha kuna orodha ndefu ya watu nisiowajua. Wa kwanza ni mwanamke ambaye tunashiriki naye sentimogani 231, wa pili ni mwanamume wa 118, wa tatu ni mwanamke wa 96. Baba hayumo. Je, kipimo kimeshindwa? Kuna mtu mtandaoni anayesema atanipatia jina kwa dola 600 nikimpa nenosiri langu. Na nikimpata baba, sheria inanipa haki gani?»

Dada yangu, pole kwa kufiwa na mama, na pole pia kwa usiku ule ambao bila shaka uliisoma orodha yote kutoka juu hadi chini ukitafuta neno «baba». Kipimo hakikushindwa. Kimefanya kazi yake yote, na matokeo uliyo nayo ni mazuri kuliko ya wengi ninaowashauri. Kazi iliyobaki si ya maabara tena, ni ya makaratasi, na ndiyo ndefu.

Naona umeulizia kipimo kimoja huku ukikitarajia kifanye kazi ya kingine, na kosa hilo hufanywa na karibu kila anayeniandikia. Kipimo cha kuthibitisha baba, kile kinachoamriwa na mahakama zetu katika kesi za matunzo ya watoto, hulinganisha alama ishirini na kitu za vinasaba kati ya mtoto na mwanamume fulani anayetajwa, na hutoa jibu la ndiyo au hapana. Bila mwanamume huyo, au jamaa yake wa karibu sana, hakina la kusema. Kipimo ulichofanya wewe husoma mamia ya maelfu ya sehemu za vinasaba vyako, kisha hukulinganisha na kila mtu mwingine aliyewahi kupeleka mate yake kwa kampuni ileile. Kampuni haina daftari la wanajeshi, haina rejista ya vizazi, wala haijui ni nani aliyekuwa Nanyuki mwaka wa 1997. Baba yako angetokea kwenye orodha kama tu yeye mwenyewe angetema mate kwenye kichupa chao. Kutokuwemo kwake hakukuambii lolote kuhusu yeye, hata kama yu hai au amekufa.

Badala yake umepewa jamaa zake, na hapo ndipo sentimogani zinapoingia. Hicho ni kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili wamevirithi kutoka kwa mtu mmoja. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya vinasaba vyake, kwa hiyo vipande hivyo hupungua na kukatikakatika kila kizazi kinapopita. Mzazi na mtoto hushiriki takribani sentimogani 3,400 au zaidi kidogo. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hushiriki wastani wa 1,750, watoto wa ndugu wawili karibu 870, wajukuu wa ndugu wawili karibu 230, na vitukuu vya ndugu wawili karibu 70, ingawa katika kundi hili la mwisho takribani mmoja kati ya kumi hana kipande chochote kinachoonekana. Kampuni hizi huandika «binamu wa pili» na «binamu wa tatu», maneno ambayo kwetu hayana mashiko, maana binamu tunamjua na hatumhesabu kwa namba. Wewe sema wajukuu wa ndugu wawili, vitukuu vya ndugu wawili, nawe utaona mara moja ni babu gani anayetafutwa.

Basi huyo mwanamke wa 231, ambaye nitamwita A, yaelekea kuwa wewe na yeye ni wajukuu wa ndugu wawili. Nasema yaelekea kwa sababu idadi hiyohiyo ya sentimogani hupatikana pia kati ya mtu na mtoto wa kitukuu cha babu na bibi yake, na umri ndio husaidia kuamua: kama A ana miaka 30 na kitu, dhana yangu ya kwanza ina nguvu, lakini kama ana miaka 75, huenda yeye ni binamu wa babu yako mzaa baba au wa bibi yako. Angalia ukurasa wake. Mara nyingi umri huandikwa kwa makadirio, au picha husema.

Huenda unajiuliza nimejuaje kwamba A ni wa upande wa baba na si wa mama. Hapa una bahati isiyo ya kawaida. Mtu wa Manchester anayemtafuta baba yake hupata orodha iliyochanganya jamaa wa pande zote mbili na hulazimika kumpima mama au dada wa mama ili kuwatenganisha. Hazina za vinasaba za kampuni hizi zimejaa Wamarekani na Wazungu, na Wakenya waliomo ni wachache mno, jambo ambalo kwa utafiti wa tiba ni aibu kubwa lakini kwako wewe leo ni msaada, kwani karibu kila jamaa wa juu kwenye orodha yako ametoka kwa baba.

Sasa niondoe dhana tatu zinazoweza kukupoteza. Kwanza, ile asilimia 49 haithibitishi kwamba baba alikuwa mwanajeshi. Inathibitisha kwamba asili yake ni visiwa vile, basi. Laikipia ina familia za wafugaji wenye asili ya Uingereza walioishi huko vizazi kadhaa, na Nanyuki imekuwa ikipokea watalii na wapanda mlima tangu zamani. Naamini simulizi ya mama yako ndiyo pa kuanzia, lakini iandike kama dhana, usiifanye ukuta. Kinyume chake pia ni kweli: jeshi la Uingereza lina askari wengi kutoka Fiji, Nepal, Ghana na kwingineko, na nimewahi kuletewa majibu ya kijana aliyetafuta Mwingereza miaka yote ilhali vinasaba vyake vilionyesha wazi visiwa vya Pasifiki. Pili, utasikia watu wakisifu kipimo cha kromosomu Y, kinachofuata ukoo wa baba kwa baba. Hiyo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume pekee, na wewe huna, kwa hiyo usitumie pesa zako huko. Tatu, jina Steve laweza kuwa la utani au la uongo. Jina lisiloonekana kwenye ukoo utakaojenga lisikuvunje moyo.

Njia yenyewe ni hii. Kwenye ukurasa wa A kuna kitufe kinachoonyesha watu ambao wewe na A mnashiriki kwa pamoja. Bonyeza uone kama B, yule wa 118, yumo, na kama C, yule wa 96, yumo. Tuseme C yumo na B hayumo. Hapo umepata matawi mawili: A na C wanatoka tawi moja la ukoo wa baba yako, na B anatoka tawi jingine, na yumkini moja ni la babu yako mzaa baba na lingine ni la bibi yako mzaa baba. Chukua karatasi kubwa, wape rangi mbili. Sasa jenga ukoo wa A kwenda juu mpaka kwa wazazi wa babu na bibi zake, kisha teremka kwa watoto wao wote, wajukuu wote, waliooa na walioolewa. Fanya hivyohivyo kwa B. Unachokitafuta ni harusi moja: mahali ambapo mzao wa ukoo wa A ameoana na mzao wa ukoo wa B. Wana wa kiume wa ndoa hiyo, waliokuwa na umri wa kijeshi mwaka wa 1997, ndio unaowatafuta. Wazee wetu wakipeleka barua ya posa hufanya uchunguzi huohuo, isipokuwa wao huanzia kwenye harusi na kurudi kwa mababu.

Kuteremka huko kwahitaji nyaraka, na Uingereza ni nchi yenye nyaraka. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, na Skoti mwaka wa 1855. Kuanzia robo ya tatu ya 1911, faharasa ya vizazi ya Uingereza na Wales huonyesha pia jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Jambo hilo dogo ndilo ufunguo wa kazi yetu: ukijua kwamba bwana wa jina fulani alimwoa binti wa ukoo fulani, unaweza kuwakusanya watoto wao wote kwa kutafuta majina hayo mawili pamoja. Faharasa nyingi zimewekwa kwenye tovuti ya FreeBMD bila malipo, na hutahitaji kununua cheti kila mara.

Wakati huohuo, fanyia kazi picha na tarehe. Ukitoa siku 266 kutoka 14 Agosti 1998 unafika 21 Novemba 1997, nawe ruhusu wiki mbili au tatu kila upande. Waingereza wana kituo cha kudumu Nanyuki, lakini wengi wa askari huja kwa zamu za wiki kadhaa, kikosi kimoja baada ya kingine, kwa hiyo kujua ni kikosi gani kilikuwa huko Novemba 1997 kunapunguza wanaume kutoka maelfu hadi mamia. Itazame picha kwa kioo cha kukuzia. Kama amevaa bereti, beji iliyo juu ya jicho la kushoto ni ya rejimenti yake, na vikosi vingi vya miguu huandikisha vijana wa eneo maalumu. Ukiona beji ya rejimenti ya kaskazini mwa Uingereza, na ukoo wa A umejaa watu wa Yorkshire, simulizi ya mama na mate yako vimeanza kusema jambo moja. Geuza picha pia. Studio za zamani zilipiga muhuri wa tarehe nyuma.

Kuna kikwazo ambacho lazima nikuambie mapema. Ndoa uliyoipata ikiwa na wana watatu, vinasaba vya A na B haviwezi kukuambia ni yupi kati yao, kwa maana wote watatu wanahusiana na A na B kwa namna moja. Hapo sharti mmoja wao apimwe, au mtoto wa mmoja wao. Mtoto wa baba yako mtashiriki karibu 1,750, mtoto wa baba yako mkubwa au mdogo karibu 870, na tofauti hiyo mara nyingi huonekana bila ubishi.

Kuhusu yule wa dola 600: usimpe kitu. Sisemi hivyo kwa sababu kazi hii haistahili malipo, kwani wapo watafiti waaminifu wanaolipwa kwa saa, lakini hakuna mwaminifu anayeahidi jina kabla ya kuona orodha, na hakuna anayehitaji nenosiri lako. Zipo kampuni zenye njia ya kumruhusu mtu aone matokeo bila kuweza kuyapakua wala kuyafuta. Ukiwa na pesa hizo, zitumie kuingia kwenye hazina nyingine. Pakua faili la data yako ghafi na ulipeleke GEDmatch, tovuti inayolinganisha data za watu waliopimwa na kampuni mbalimbali, ambako kuweka data ni bure. Ndiko polisi wa California walikofuatilia jamaa za muuaji aliyetafutwa kwa miaka mingi hadi wakamkamata mwaka wa 2018, kwa njia hiihii ya A na B ambayo watoto waliolelewa na wazazi wasio wao walikuwa wakiitumia kabla ya polisi. Soma vizuri ukurasa wa ridhaa, kwani utaulizwa kama unakubali polisi wailinganishe data yako. GEDmatch huonyesha pia kromosomu X, na hilo kwako lina faida ya pekee: binti hupokea X ya baba yake nzima, na baba aliipata kwa mama yake tu, hivyo jamaa wa upande wa baba mwenye kipande kikubwa cha X kama chako anapita kwa bibi yako, mama yake baba. Kampuni ya Ancestry ndiyo yenye hazina kubwa kuliko zote na Waingereza wengi wamo, lakini haipokei faili kutoka nje. Ni lazima utume mate upya, pengine kupitia rafiki yako wa Ujerumani. Usile, usinywe wala usitafune chochote nusu saa kabla.

Faragha nayo ipime kwa uzito. Nenosiri hubadilishwa, vinasaba havibadilishwi, na unapoweka vyako umeweka kwa sehemu vya kaka yako na vya wanao. Mwezi Machi 2025 kampuni ya kupima DNA ya 23andMe iliomba ulinzi wa kufilisika, na mamilioni ya wateja wakawa wanajiuliza data yao itaangukia mikononi mwa nani. Mimi huwashauri watu wapakue faili lao na walihifadhi, kisha wafute akaunti kazi ikiisha.

Nije kwenye sheria, na hapa mimi ni mtaalamu wa vinasaba ninayesema yale tu ambayo wakili atakuthibitishia. Mstari ulio kwenye cheti chako haukuwa uamuzi wa mama. Sheria ya usajili wa wakati huo haikuruhusu jina la baba asiye mume kuandikwa bila maombi ya pamoja, na Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu hicho mwaka wa 2016. Kwa upande wa Uingereza, mahakama inaweza kutoa tamko la nani ni mzazi chini ya kifungu cha 55A cha Sheria ya Familia ya 1986, hata kama mwenye kuomba ni mtu mzima; Skoti ina utaratibu wake. Matokeo ya mate uliyotuma nyumbani hayatatosha, kwa kuwa hakuna aliyeshuhudia kwamba mate yalikuwa yako. Utachukuliwa sampuli upya mbele ya shahidi, kwa kitambulisho na picha. Mwanamume mtu mzima hawezi kushikwa kwa nguvu ili apimwe, ila mahakama inaweza kuutafsiri ukataaji wake. Katika miaka ya karibuni mawakili wa Uingereza na wataalamu wa vinasaba wamefika kwenu Nanyuki na kuchukua sampuli za watu wenye historia kama yako, na mahakama ya familia ya London imethibitisha baba wa baadhi yao. Kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kubisha mlango huo.

Matunzo hutapata, kwa sababu ni ya watoto na vijana walio bado shuleni. Uraia ni jambo jingine. Waliozaliwa nje ya ndoa kabla ya 1 Julai 2006 hawakurithi uraia wa Uingereza kwa baba moja kwa moja, lakini sheria ilirekebishwa na tangu Aprili 2015 wanaweza kuomba kusajiliwa, ikiwa baba alikuwa raia kwa aina inayorithishwa, yaani kwa kawaida aliyezaliwa Uingereza kwenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010 haikulazimishi kuuacha uraia wako.

Pale jina litakapopatikana, simama. Usimpigie simu, usimwandikie mkewe Facebook, usiiweke picha kwenye kikundi. Ongea kwanza na wakili wa masuala ya familia wa Uingereza, na ukae na mshauri nasaha au mtu mzima unayemwamini, ana kwa ana. Anaweza kuwa hajui kwamba upo, anaweza kuwa amekufa, anaweza kukana, na lipo jambo zito zaidi ambalo siwezi kulipita kimya: si kila mimba iliyotungwa karibu na kambi ilitokana na mapenzi, na mama aliyesema kidogo huenda alikuwa akikukinga. Muulize dada wa mama yako, kama yupo, kwa upole kabla ya kumtafuta mwanamume huyo. Akikuambia jambo ambalo ni jinai, wakili alijue kabla ya hatua nyingine yoyote.

A, hata hivyo, unaweza kumwandikia sasa. Andika kwa Kiingereza, mistari minne. Mwambie jina lako la kwanza, kwamba umeona mnashiriki sentimogani 231, kwamba unajenga ukoo wa upande wa baba yako, na kwamba ungeshukuru akikutajia majina na mahali walipozaliwa babu na bibi zake wanne. Usitaje jeshi, usitaje Kenya, usiulize nani katika ukoo wao aliwahi kufika Afrika; huyo hajui lolote, na barua inayonusa siri ya mtu hufutwa. Akikuuliza, mjibu kweli. Asipojibu kwa wiki tatu, mwandikie C. Majina hayo manne yakifika, nitumie pamoja na miaka ya kuzaliwa, nasi tutaanza na ndoa za wazazi wao.